Je, wajua kwa nini kijiji cha Buckler's Hard kina barabara pana namna ile?

Buckler's Hard, kusini mwa Uingereza, ni kijiji chenye safu mbili tu za nyumba za matofali mekundu. Zinatazamana, na katikati yake pana njia yenye upana wa futi 80 hivi, karibu mita 24, inayoteremka hadi ukingoni mwa mto Beaulieu. Njia ya upana huo kwa nyumba chache hivyo ilikuwa ya nini?

Kwanza ilikuwa ya sukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1720, John Montagu, mwenye cheo cha ukabaila cha Duki wa pili wa Montagu na mmiliki wa ardhi ile, alipanga kujenga bandari iitwayo Montagu Town. Mfalme alikuwa amempa visiwa vya St Lucia na St Vincent huko Karibi, na sukari ambayo ingelimwa kwa jasho la watumwa wa Kiafrika ndiyo ingeshushwa hapa. Lakini walowezi aliowatuma mwaka 1722 walifukuzwa na Wafaransa wa kisiwa jirani cha Martinique. Mpango ukafa, njia ikabaki.

Kilichoipa njia hiyo kazi ya kweli ni mbao. Neno "hard" kwa watu wa pwani ile ni ukingo mgumu wa changarawe. Kingo nyingi za mto huu ni tope laini, na meli nzito ukiijenga juu ya tope, tegemeo linatitia na mkuku (uti wa mgongo wa meli) unapinda kabla hata chombo hakijashuliwa majini. Hapa ardhi inabeba, mteremko ni wa taratibu, mialoni ya msitu wa New Forest iko mgongoni, na Portsmouth, makao ya jeshi la wanamaji, si mbali kwa njia ya maji.

Henry Adams, fundi mkuu, alifika mwaka 1744. Meli yake maarufu, Agamemnon ya mizinga 64, ilishuliwa mwaka 1781, na inasemekana ilikula mialoni kama 2,000. Hebu fikiria magogo hayo yote yanalazwa wapi! Yalilazwa njiani, kati ya nyumba na nyumba. Wapasua mbao walifanya kazi wawili wawili: mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, vumbi la mbao likimwagikia usoni.

Miti iliyonyooka ilitoa mbao za ubavuni. Kwa mataruma, yaani mbavu za meli, fundi alitaka matawi yaliyojipinda yenyewe, kwa sababu ukikata pinda kutoka gogo lililonyooka unakata nyuzi za mti, na taruma hupasuka palepale. Kisha kuna kukausha, na hapo ndipo nafasi inapohitajika hasa. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi husinyaa, kalafati (nyuzi zinazoziba nyufa kati ya mbao) ikalegea, maji yakaingia, kuvu ikala meli kwa ndani. Wakati wa vita haraka ilishinda kanuni hiyo, na meli nyingi zililipia.

Kosa jingine la miaka ile lilikuwa la chuma. Mabati ya shaba yalipoanza kufunika sehemu ya chini ya meli kuzuia viumbe wanaotoboa mbao, bolti za chuma zilizokuwa karibu nayo zililiwa haraka na maji ya chumvi, na ikabidi zibadilishwe kwa za aloi ya shaba.

Chombo kilishuliwa bila milingoti, kikavutwa hadi Portsmouth kufungiwa vifaa vilivyosalia. Agamemnon, Euryalus (1803) na Swiftsure (1804), zote za hapa, zilipigana katika vita vya baharini vya Trafalgar, dhidi ya Wafaransa na Wahispania, mwaka 1805, mwaka uleule aliofariki Adams akiwa na miaka 92.

Nyumba yake ingali pale, ya mwisho karibu na maji, ambako aliweza kutazama kazi yote kutoka dirishani. Chini yake, ukingoni, bado yanaonekana mabonde marefu yaliyochimbwa kuelekea mtoni: ndipo meli zilipoteremkia.