Je, wajua kwa nini tarumbeta na kinanda vikisoma nota moja havitoi sauti moja?

Tuseme mwalimu wa kwaya pale Ilemela ameandika kwenye kompyuta wimbo wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe mkononi. Kauandika kwa ufunguo wa F, akachapa nakala ileile kwa mpiga kinanda, wa tarumbeta na wa saksafoni. Wakianza pamoja ni vurugu tupu, ingawa kila mmoja kapiga alichokisoma.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, yaani B iliyoshushwa nusu hatua: mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati. Saksafoni ya alto ni ya E flati: akisoma C, inasikika E flati iliyo chini yake. Utaratibu huu una faida. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipoipatia saksafoni hataza nchini Ufaransa mwaka 1846, aliibuni kama ukoo mzima, wadogo kwa wakubwa, na bomba likirefuka sauti hushuka. Nota zikiandikwa hivi, anayehama kutoka alto kwenda saksafoni ya tenor, iliyo kubwa zaidi, habadilishi vidole. Hesabu yote inamwangukia mwandishi.

Wanakwaya waliozoea d r m (do, re, mi) wanalijua jambo hili bila kulisomea. Juu ya karatasi ukifuta "Do = F" ukaandika "Do = G", wimbo umepanda na herufi hazijaguswa. Nota za mistari hazina huruma hiyo.

Kwa hiyo bugobogobo ya F inaandikwa G kwa tarumbeta na D kwa alto. MuseScore, programu ya bure, hufanya hivyo yenyewe ukishaiambia ala ni ipi. Tatizo ni kile kitufe cha kuonyesha nota kama zinavyosikika: ukikiacha kimewashwa wakati wa kuchapa, vurugu inarudi. Wengine huhamisha tena kwa mkono, na wimbo unahamishwa mara mbili.

Programu haikuchagulii ufunguo, na hapo ndipo wengi huumia. Mpiga gitaa hupenda E. Mpe E, na tarumbeta inapata shapu (alama za kupandisha nota nusu hatua) sita, alto saba! Mimi ningepandisha wimbo hadi F, mpiga gitaa afunge kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye kigawanyo cha kwanza cha shingo ya gitaa aendelee na mikao yake ya E. Tarumbeta inabaki na shapu moja, alto mbili.

Kabla ya yote msikilize manju. Mara nyingine sauti yake hutua katikati ya vitufe viwili vya kinanda, nawe ukiiandika unalazimika kuisogeza kwenye kimojawapo. Kipande hicho mpe wa saksafoni, kwa kuwa yeye anaweza kuivuta sauti kwa midomo. Wa kinanda apumzike.