Volti 18 na volti 20: betri ni ile ile

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa fundi seremala anayeijua kazi yake vizuri tu: ameuza drili yake ya chaji ya volti 18 akanunua ya volti 20, apate nguvu zaidi. Nguvu hakuipata. Alichopata ni plastiki ya rangi nyingine, na betri mpya ambazo haziingii kwenye randa na jigso alizobaki nazo.

Maana yenyewe haina urefu. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwa wakati huo. Ampea-saa, ile Ah iliyoandikwa ubavuni mwa betri, ni akiba: betri ya ampea-saa 4 inaweza kutoa ampea 4 kwa saa moja, au ampea 2 kwa saa mbili. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu ya kazi. Ukizizidisha kwa ampea-saa unapata wati-saa, yaani akiba yote iliyomo. Hayo yanatosha, tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Chukua betri ndogo ya drili iliyokufa, moja ya 18 na nyingine ya 20, uzifungulie skrubu za chini. (Iliyokufa nimesema, na bisibisi isiguse vibati vya ndani, maana hata betri iliyochoka ina cheche za kutosha kukuunguza.) Utakuta seli, yaani vibetri vya mviringo, zimelala ubavu kwa ubavu, zimeunganishwa kwa vibati vyembamba vilivyochomelewa, na juu yake kibao kidogo cha saketi chenye nyaya zinazokwenda kwenye kila kiungo. Hesabu seli. Ya 18 ina tano. Ya 20 ina tano. Mara nyingi hata ukubwa ni ule ule, kipenyo milimita 18 na urefu 65, ndiyo maana seli hizo huitwa 18650. Zile nene kidogo, za kipenyo cha 21 na urefu 70, ni 21700.

Seli moja ya lithiamu ya aina hii ina volti 3.6 kwa wastani wa kazi. Tano zikifuatana kwenye mstari mmoja ni 18. Seli hiyo hiyo ikiwa imetoka kwenye chaja sasa hivi, haijabebeshwa kazi yoyote, hufika 4 na kitu, mwisho 4.2. Tano mara 4 ni 20. Kwa hiyo kampuni moja imeandika kipimo cha betri ikiwa kazini, nyingine imeandika kipimo cha betri ikiwa imeshiba na imekaa tu. Mwenye kuandika 20 hakudanganya. Ukisoma maandishi madogo kabisa kwenye boksi utakuta amekiri mwenyewe kwamba 20 ni kiwango cha juu kabla ya mzigo, na kwamba volti za kawaida ni 18. Kampuni ya zana ya DeWalt inauza mfumo wake mmoja Marekani kwa jina la 20V MAX na Ulaya kwa jina la 18V XR. Mashine zilezile. Ndugu zao wadogo nao wana kisa hicho hicho: seli tatu ni 10.8, ukizishibisha unaziita 12. Na zile kubwa zilizoandikwa 60 ni seli 15, yaani 54 zikiwa kazini.

Jambo la kupanga seli ili msukumo uongezeke ni la zamani kuliko mashine yoyote ya useremala inayotumia umeme. Mwaka 1800 Alessandro Volta, ambaye volti imepewa jina lake, alipanga visahani vya zinki na shaba kimoja juu ya kingine, katikati akaweka vipande vilivyolowa maji ya chumvi. Kila jozi aliyoongeza ilipandisha msukumo. Betri ya drili yako ni mpango huo huo, ila imelazwa na kufungiwa ndani ya plastiki. Ndiyo maana volti hukueleza idadi ya seli zilizofuatana kabla ya kukueleza jambo lingine lolote.

Na hiyo 18 yenyewe imetoka wapi? Drili ya kwanza isiyo na waya, ya Black & Decker mwaka 1961, ilitumia seli za nikeli-kadimiamu, na seli moja ya aina hiyo ni volti 1.2. Mashine zikaendelea kukua: 7.2, 9.6, 12, 14.4, 18. Zote hizo zinagawanyika kwa 1.2. Ile ya 18 ilibeba seli 15, nzito, ukishinda nayo juu ya ngazi bega linakusema usiku. Lithiamu ilipoingia kwenye zana hizi miaka ya 2000, seli tano zikatoa 18 ile ile. Hesabu ilikubaliana vizuri kiasi kwamba kampuni nyingi hazikuwa na sababu ya kubadili namba. Hiyo ya 20 ilikuja baadaye, na mimi naiona ni kazi ya idara ya mauzo zaidi kuliko ya wahandisi.

Afadhali hiyo 20 ina hesabu nyuma yake. Siku hizi ziko mashine zilizoandikwa 48, 88, hata 128, namba kubwa za rangi ubavuni, na betri yenyewe inajaa kwenye kiganja. Hapo usibishane na muuzaji, geuza chaja usome upande wa umeme unaotoka. Ikiandikwa volti 21, seli zilizofuatana ni tano, kwa sababu tano mara 4.2 ni 21. Ikiandikwa 12.6, ni tatu. Betri ya volti 88 za kweli haiwezi kushiba kwa chaja ya volti 21. Mwenye mita aiweke kwenye betri iliyojaa asome mwenyewe, na akiona 20 na ushei atajua kwamba hiyo 88 ni jina la mashine, kama vile gari linavyoweza kupewa jina la chui.

Basi volti zikizidi kweli, kuna faida? Ipo, ila haipo kwenye drili ya kufungia skrubu. Wati zile zile ukizipata kwa volti mara mbili unahitaji nusu ya ampea, na joto kwenye nyaya hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo linashuka hadi robo. Ndiyo sababu misumeno mikubwa ya mezani na ya kukatia magogo hupewa volti 36 au zaidi, na baadhi ya mashine hubeba betri mbili za 18 kwa pamoja. Kwenye drili, nguvu ya kuzungusha huamuliwa na mota na gia. Drili mbili za volti 18, moja ina Nyutoni-mita 50 na nyingine zaidi ya 100, zinaweza kula betri moja. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta unaponunua, na uangalie pia kama mota ina kaboni, vile vipande vinavyoisugua na kuipelekea umeme, au haina. Isiyo na kaboni haina cha kusuguana na kwisha, na umeme unaopotea kwa joto hupungua.

Hapa kuna kundi la pili, la wanaosema "weka betri ya ampea nyingi, mashine itakuwa na nguvu". Hawa huwa nawasikiliza kwa subira zaidi, kwa sababu macho yao yameona kitu cha kweli. Weka betri ndogo ya ampea-saa 2 kwenye msumeno wa mviringo, uupitishe kwenye mbao nene: msumeno utaugua, utapunguza mwendo, pengine utazima. Weka ya ampea-saa 5, unapita. Ila sababu si akiba. Betri ndogo ina seli tano, kila seli inabeba mzigo wote. Kubwa ina seli kumi, tano juu na tano chini, safu mbili zinazosaidiana, kila seli inabeba nusu. Seli inayobebeshwa ampea nyingi mno volti zake huporomoka papo hapo, na kibao cha saketi kikiona zimeshuka mno kinakata umeme kulinda seli. Kwa hiyo kilichosaidia ni safu ya pili. Siku hizi ziko betri za safu moja zenye seli nene za 21700, akiba yake ndogo ukilinganisha na ile ya seli kumi, na bado zinauendesha msumeno vizuri kwa sababu zimetengenezwa kutoa ampea nyingi. Anayetazama Ah peke yake atazipita dukani.

Kwa drili ya kufungia bawaba juu ya kabati, kubeba seli kumi ni kujichosha bure. Ndogo mbili za kubadilishana zinatosha, moja kazini na nyingine kwenye chaja.

Kuhusu utunzaji nina machache, kwa kuwa mengi yanajulikana. Ule ushauri wa kuitumia betri mpaka ife kabisa ndipo uichaji ni wa enzi za nikeli-kadimiamu, ambayo kweli ilikuwa na tabia ya kuzoea chaji fupifupi. Lithiamu haina tabia hiyo, na kuimaliza kabisa kila mara ndiko kunakoichosha. Mashine ikianza kulegea, toa betri, weka kwenye chaja. Ikiwa imetoka kwenye kazi nzito na bado ina moto, iache ipoe kwanza. Chaja nzuri zitasubiri zenyewe huku taa ikiwaka na kuzima, na taa hiyo si dalili ya ubovu. Ukiiweka kwa miezi, iache na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo jua. Iliyowekwa tupu huendelea kujimaliza polepole hadi chaja inakataa kuitambua. Na vumbi la mbao kwenye matundu ya hewa ya mota ni la kupuliza mara kwa mara, hasa baada ya kupiga msasa, maana mota inayokosa hewa hupata joto na kula betri haraka zaidi.

Nimalizie na jambo dogo ambalo silipigii kelele. Watu husema "betri ya ampea nne" wakimaanisha ampea-saa nne. Kwa mazungumzo inapita, tunaelewana. Shida huja ukifika kwenye chaja, kwa sababu pale ampea ni ampea kweli. Chaja ya ampea 2 na betri ya ampea-saa 4 ni kama saa mbili, na ushei kidogo kwa kuwa mwisho wa chaji huenda taratibu. Anayezichanganya namba hizo hudhani chaja yake ya 2 ni ndogo mno kwa betri ya 4, au kwamba chaja ya 4 italipua betri ya 2. Ikiwa ni chaja ya mfumo ule ule wa betri yako, hakuna kinacholipuka, tofauti ni muda tu. Kwa hiyo mwenzako akikuuliza kama chaja yake inaifaa betri yake, mwambie kwanza aache ampea, asome volti.