Mtu mzima apimwe kwa jambo lililomleta darasani

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mama mmoja, muuza omena wa soko la Kibuye hapa Kisumu, karatasi ya mtihani niliyoinakili kutoka kitabu cha darasa la tatu. Ilikuwa na picha ya mtoto na mpira, na mapengo ya kujaza "is" au "are". Aliishika karatasi kwa mkono ulionyooka, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena, kisha akaikunja mara nne. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "hii ni ya wajukuu wangu." Nilimwandikia alama 3 kwa 20. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata, hakuja tena.

Nilimtafuta sokoni Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika watu. Huku akipima omena kwa gorogoro, akanieleza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Ujumbe wa simu unaomjia, wa pesa, wa benki, wa shule ya mjukuu, huwa umeandikwa kwa Kiingereza. Kila ukiingia humpa kijana wa kibanda cha jirani amsomee, na sasa safu nzima ya wauza samaki inajua ana salio kiasi gani. Alitaka kusoma simu yake mwenyewe. Basi. Nami nilikuwa nimempima kwa mpira wa mtoto.

Nimefundisha Kiingereza kwa watu wazima na kuwanoa walimu wao kwa muda mrefu tangu siku hiyo, na bado naona kosa lile lile kwenye madarasa ya ngumbaru, ya makanisa na ya vyama vya akina mama. Mtu mzima hatumwi shule na mzazi. Huja na shida yake mkononi. Kimani Maruge alipojiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alisema anataka kujisomea Biblia. Ukimuuliza mwanafunzi wa namna hiyo amekuja kwa ajili ya nini, amekwisha kukupa nusu ya mtihani wako wa mwisho.

Kabla ya kumpima Kiingereza, mpime mengine. Anza na macho. Kuanzia miaka 40 hivi, jicho la binadamu hupunguza uwezo wa kuona vya karibu, na darasa la jioni lenye taa moja hafifu huongeza tatizo. Yule mama alipokuwa akiivuta na kuisukuma karatasi, alikuwa akinionyesha anachohitaji, nami sikuona. Miwani ya kusomea na maandishi makubwa vimewapandisha wanafunzi wangu alama kuliko somo lolote la sarufi. Kisha uliza kama anasoma Kiswahili, Kidholuo au Kiluhya. Anayesoma lugha moja amekwisha kujua kwamba herufi hubeba sauti. Kinachobaki ni kuzoea ukaidi wa Kiingereza, ambapo "though", "through" na "tough" zinafanana machoni na kutofautiana kabisa masikioni. Asiyesoma lugha yoyote ana safari mbili kwa pamoja. Ukimweka darasa moja na mwenzake huyo na kuwapa karatasi moja, utamwita mzito wakati si mzito.

Kuhusu makosa, nina msimamo ambao baadhi ya walimu hawaupendi: makosa hayalingani uzito, na alama zisijifanye yanalingana. Mtu akisema "he go to the clinic", kila mtu ameelewa. Akisema "my husband, she has pain", muuguzi anasimamisha kalamu: mgonjwa ni nani? Kosa hili lina chanzo. Kiswahili kina "yeye", Kidholuo kina "en", na lugha zote mbili hazibagui mwanamume na mwanamke katika neno hilo. Mwanafunzi hajasahau somo, bali anajenga chumba ambacho nyumba yake haikuwa nacho. Kwa hiyo nalitilia mkazo kosa la pili na kuliacha la kwanza lisubiri.

Matamshi nayo ni hivyo hivyo. Kidholuo hakina sauti "sh", ndiyo maana wengi wetu huku husema "fis", na hakuna mnunuzi aliyewahi kukosa samaki kwa sababu hiyo. Lakini "live" na "leave" zikichanganyika, sentensi hugeuka. Hapa msemaji wa Kidholuo ana hazina ambayo mara nyingi hajaambiwa anayo. Kiswahili kina irabu tano, Kidholuo kina tisa, ingawa tunaziandika kwa herufi tano zile zile. Sikio lake limezoea tangu utotoni kutenganisha "i" mbili zinazokaribiana. Ninapomwambia mwanafunzi asikilize tofauti hiyo kwanza katika lugha ya mama yake, halafu ahamie kwenye Kiingereza, huwa anaipata upesi. Mwalimu anayekataza lugha ya mama darasani anatupa chombo hicho nje ya dirisha.

Na usimkatize mtu mzima katikati ya sentensi mbele ya wenzake. Mwache amalize, kisha irudie sentensi yake ikiwa imenyooka, kama unayethibitisha ulichosikia: "Oh, he has pain. Since when?" Atasikia. Aliyefedheheshwa hanyoshi tena mkono, na usiposikia akisema huna cha kupima.

Sasa upimaji wenyewe. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mfumo wa viwango sita vya lugha, kuanzia A1 hadi C2, unaotumika leo katika nchi nyingi. Nguvu yake ni kwamba kila kiwango kimeelezwa kwa neno "anaweza": anaweza kujitambulisha, anaweza kuuliza bei, anaweza kueleza kilichompata. Huhitaji kununua chochote ili uige wazo hilo. Andika na mwanafunzi mambo matano anayotaka kuweza, weka tarehe kando ya kila moja siku anapolifanya bila msaada, na uhifadhi karatasi zake zote kwenye faili moja tangu wiki ya kwanza. Ukitaka kujua kama anasikia, usimlazimishe aandike jibu: mpe picha nne aonyeshe kwa kidole, la sivyo utakuwa umepima mwandiko. Ukitaka kujua kama anaongea, mfanye awe mgonjwa na wewe muuguzi, kwa dakika tatu, na ujiulize swali moja tu: je, ningejua la kumfanyia?

Muda nao usemwe wazi. Makadirio yanayotumiwa sana na watahini wa Uingereza ni saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufika A2, kiwango cha pili kati ya vile sita, na 350 hadi 400 kufika B1, cha tatu. Darasa la jioni mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, ni saa tatu. Piga hesabu: angalau wiki 60 kufika A2, bila kukosa. Tangazo la ukutani Kondele linaloahidi Kiingereza fasaha kwa siku 30 linakuuzia hasira dhidi yako mwenyewe, kwa sababu siku ya 31 utadhani kichwa chako ndicho kibovu. Wala usikubali mtu akudharau unaposubiri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza.

Yule mama alirudi. Mtihani wake uliofuata ulikuwa jumbe mbili nilizoziandika kwa herufi kubwa, moja yenye "received from", nyingine yenye "sent to". Akavaa miwani, akaweka kidole juu ya "from" na kukiacha hapo kwa muda. "Hii imeingia," akasema. Akahamia ya pili. "Hii imetoka." Kisha akatoa simu yake mwenyewe kutoka kwenye kitambaa kiunoni, akaigeuza nisione kioo, akasoma kimya.