Si miezi saba jamani, ni wiki, na hesabuni mpaka siku ya kurudi

Nani alowaambia mimba ikishatimia miezi saba hupandi ndege? Maana hapa kliniki naisikia kila uchao, na kinachoniuma ni kwamba mtu akishaiamini anavaa baibui pana anajificha pale kaunta. Msifiche. Uchungu ukikushika juu ya bahari, mle ndani hamna mkunga wala damu ya kuongeza.

Mashirika ya ndege yanahesabu wiki, na wiki zinaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, sio siku ulojijua una mimba. Mengi yanataka barua ya kliniki, kwamba hali yako inaruhusu kusafiri, kuanzia wiki 28. Mtoto mmoja na mimba haina tatizo, mengi yanakubeba mpaka 36, pacha mpaka 32. Kila moja na masharti yake, soma ya shirika lako kabla hujalipa.

Sasa hapa ndo nnapogombana na watu. Mtu ana wiki 31 anakwenda Muscat kwa mumewe, ananambia niandikie barua, namuuliza utarudi lini, ananambia baada ya mwezi na nusu inshallah. Haya jumlisha mwenyewe! 31 na 6 ni 37. Kwenda utakwenda, kurudi watakukatalia, utajifungua huko huko, spitali ya ugenini nani atalipa, na mtoto naye atataka pasi yake ndo arudi. Na barua nlokupa mimi ya kwendea haifai kurudia, mengi yanataka ilioandikwa siku chache kabla ya safari, kwahivyo ya kurudi utaitafuta kule kule.

Barua iwe na jina kama lilivyo kwenye pasi, sio kadi imeandikwa Bi Asha na pasi ina majina matatu. Wiki, tarehe ya matarajio, mtoto mmoja au pacha, kwamba hali inaruhusu, saini, mhuri. Kadi ya kliniki peke yake haitoshi. Presha imepanda, unatokwa damu, au damu iko chini sana, siandiki hata ulie.

Lakini hizo wiki zenyewe zinanitia wasiwasi. Mama ananambia hedhi ya mwisho ilikuwa Mfungo Mosi, kati kati hivi, ultrasaundi ya mwanzo kapiga mimba imeshakuwa kubwa, na kile kipimo baada ya wiki 28 kinaweza kukosea wiki 2 hata 3, mbele au nyuma. Mimi naandika 34, huenda ni 36, na karatasi inaonesha namba moja tu na mhuri wangu. Ndo mana nawapigia kelele mpige ultrasaundi kabla ya wiki 14, tarehe ya pale ndo ya kuiamini.

Safari ikizidi masaa manne damu inaweza kuganda miguuni, chukua kiti cha njiani, inuka utembee, kunywa maji.

Ukija kwangu njoo na tiketi ya kwenda na ya kurudi, pasi, kadi na ile ultrasaundi ya mwanzo, na usije usiku wa kuamkia safari.