Kumaliza silabasi si kujifunza

Imani kwamba mwalimu akimaliza silabasi wanafunzi wamejifunza ni ya miaka mingi, na si sahihi. Kenya ilifunga shule Machi 2020, ikawarejesha wanafunzi wote Januari 2021, kisha mihula ikafupishwa ili muda uliopotea ufidiwe. Lakini mtoto wa gredi ya nne anayefuatisha neno "kalamu" kwa kidole, silabi moja moja, hasaidiki kwa kukimbizwa hadi sura ya tisa. Iko njia ya haki zaidi, ambayo shirika la Pratham nchini India liliianza miaka mingi kabla ya korona: watoto hupimwa kusoma na kuhesabu, kisha, kwa sehemu ya siku tu, hupangwa kwa uwezo badala ya umri, anayetambua herufi akifundishwa maneno, na anayesoma maneno akifundishwa aya.