Mafunzo ya ufundi ukiwa bado sekondari ni kitu gani hasa

Mtajie mzazi mafunzo ya ufundi wakati mtoto wake yupo sekondari, uone uso wake unavyobadilika, moja kwa moja anaelewa kwamba anaambiwa mtoto kafeli. Shida inaanzia hapo, watu wanakikataa kitu kabla hawajakijua, kwahiyo ngoja tukiweke wazi kwanza.

Mafunzo ya ufundi ni elimu inayomwandaa mtu kufanya kazi fulani inayofahamika, mpaka afikie kiwango ambacho kimeandikwa mahali, halafu apewe cheti kinachosema huyu anaweza hiki na hiki. Ndo hivo tu. Kazi yenyewe inaweza kuwa kuchomelea vyuma au kutandaza nyaya za umeme, lakini pia kutunza wagonjwa na wazee, kupika hotelini, kuhudumia wateja benki, kutengeneza meno ya bandia, kuandika programu za kompyuta. Wengi tukisikia ufundi tunaona spana na ovaroli, wakati kule Uswisi kazi inayochukuliwa na wanagenzi wengi kuliko zote (wanagenzi ni vijana wanaojifunza kazi wakiwa kwa mwajiri huku wanasoma) ni ya ofisini, ya karani wa biashara, na Sergio Ermotti aliyekuja kuwa bosi wa benki ya UBS aliingia kwenye mambo ya benki kwa njia hiyohiyo, alianza akiwa kijana mdogo kama mwanagenzi wa benki.

Kuna vitu vinachanganywa na mafunzo ya ufundi na sivyo. Kipindi cha useremala au ushonaji mara moja kwa wiki ni kizuri, kinamfungua mtoto macho na kumzoesha vifaa, ila hakimpi kazi na hakina kiwango cha kazi nyuma yake. Kwenda kukaa kwenye kampuni wiki moja kuangalia watu wanavyofanya kazi nako ni kuonja tu. Utajua ni mafunzo yenyewe ukiona kuna orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi lazima avifanye kwa mikono yake, kuna mtu mwenye sifa anayempima akivifanya, na mwishoni kuna cheti ambacho mwajiri asiyemjua kabisa huyo mwanafunzi atakikubali. Kikikosekana hicho cha mwisho hapo ni kupitisha muda.

Sasa njia. Kila nchi ina majina yake na ukianza kufuatilia majina utachoka, ila ukichimba chini unakuta mpangilio ni wa aina chache, na tofauti kubwa ni moja: mwanafunzi anashinda wapi, darasani, karakana ya shule, au kwa mwajiri.

Iliyo rahisi kueleweka ni ya kubaki shule yako ya kawaida, na wenzako walewale, huku ukichukua kozi ya ufundi pamoja na masomo mengine. Australia wanafanya sana hivi, mwanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari anasoma kozi ya cheti inayotambulika nchi nzima, mara nyingi ngazi ya pili au ya tatu kwenye mfumo wao wa sifa wenye ngazi 10, na kozi hiyo inahesabiwa humohumo kwenye cheti chake cha kumaliza sekondari. Akimaliza anatoka na vyeti viwili. Uzuri wake ni kwamba hajaacha kitu, kama moyo wake ukibadilika bado ana masomo yake ya kawaida. Udhaifu ni muda, siku moja au mbili kwa wiki hazitoshi kumtoa fundi kamili, kwahiyo anayepita hapa ajue bado ana hatua mbele yake.

Nyingine ni kuingia shule ya ufundi moja kwa moja, siku zote za wiki. Finland ukimaliza elimu ya msingi unachagua kati ya sekondari ya masomo ya jumla na ya ufundi, na ya ufundi siyo kapu la waliobaki, vijana wengi sana wanaichagua. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2018 kila mwanafunzi kule ana mpango wake binafsi, kama kitu tayari anakijua hakirudii, na sifa yenyewe ina pointi 180 za umahiri ambazo kwa kawaida zinachukua kama miaka mitatu. Nachopenda zaidi ni namna wanavyopima: mwanafunzi anaonyesha kazi, mara nyingi kwenye sehemu ya kazi halisi, mwalimu na mtu wa kutoka kazini wanamtathmini pamoja. Korea Kusini nao mwaka 2010 walianzisha sekondari zinazoitwa Meister, zinafungamana na viwanda fulani fulani, na lengo lao wanalisema wazi, kijana atoke pale aende kazini, chuo kikuu kitafuata baadaye kama atataka.

Halafu kuna uanagenzi, na hapa nitakaa kidogo manake ndo njia inayosifiwa sana duniani na ndo inayoelezwa vibaya zaidi. Uanagenzi ni mguu mmoja kazini mguu mmoja shule. Ujerumani mwanagenzi anakuwa kwa mwajiri siku kama tatu au nne za wiki, siku zilizobaki yuko shule ya ufundi anasoma nadharia ya kazi yake pamoja na lugha, hesabu za kazi, mambo ya uraia. Inachukua kati ya miaka miwili na miaka mitatu na nusu kutegemea na kazi, na kazi zinazotambulika kisheria ni zaidi ya 300, kila moja ina maelezo yake ya nini kifundishwe. Sheria inayosimamia hayo yote ni ya 1969, imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Kinachoutofautisha uanagenzi huu na ule wa kijana kwenda kushinda gereji akitumwa chai ni mambo ambayo watu wanayaruka wakisimulia. Kuna mkataba wa maandishi. Kuna posho, na lazima ipande kadiri mafunzo yanavyosonga. Anayekufundisha kazini kwa kawaida lazima awe amethibitishwa kwamba anajua kufundisha, haitoshi kuwa fundi mzuri. Na mtihani wa mwisho hautungwi na bosi wako wala shule yako peke yao, unasimamiwa na vyama vya biashara na ufundi, na kwenye kamati ya kutahini wapo wawakilishi wa waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na walimu. Ukiondoa hayo manne ukabakiza jina la uanagenzi, unachobaki nacho ni kijana anayefanya kazi kwa bei rahisi, na hilo lisemwe wazi maana nchi nyingi zinakopi jina na kuacha mengine yote.

Uswisi wako karibu hivohivo, takriban theluthi mbili ya vijana wanapita njia hii wakimaliza elimu ya lazima, wakiwa na miaka 15 au 16 hivi. Wana mafunzo ya miaka miwili kwa wanaohitaji mwendo wa taratibu, na ya miaka mitatu au minne kwa cheti kamili, na wa miaka miwili akifanya vizuri anaweza kuendelea mpaka kile kikubwa.

Lakini uanagenzi nao una ugumu wake. Nafasi zinatolewa na waajiri, serikali haiwezi kuzizalisha ofisini, kwahiyo uchumi ukiyumba nafasi zinapungua wakati huohuo vijana wanapozihitaji zaidi. Na mwajiri ndo anachagua, ina maana kijana ambaye ndugu zake hawajuani na mtu yeyote kwenye fani, au mwenye jina la kigeni, anaweza kuandika barua nyingi asijibiwe. Mfumo mzuri unakuwa na watu wa kumsaidia huyo, maafisa ushauri wa kazi, mwaka wa maandalizi, karakana za shule zinazompokea aliyekosa mwajiri.

Uingereza, kwa maana ya England, wamejaribu kitu cha katikati. Tangu Septemba 2020 wana kozi za T Level, miaka miwili, sehemu kubwa darasani ila lazima ndani yake kuwe na angalau saa 315 kwa mwajiri, ambazo ni kama siku 45 za kazi, na ukubwa wake unahesabiwa sawa na A level tatu, yaani masomo matatu ya mwisho wa sekondari ambayo watu huingilia chuo kikuu. Kwa mwanafunzi ambaye hajawa tayari kusaini mkataba wa miaka mitatu na mwajiri, ni wazo zuri.

Sasa tuje kwenye kile ambacho mimi naona ndo kipimo cha yote haya, na ndo hofu ya yule mzazi wa mwanzo. Hofu yake ina mantiki. Sehemu nyingi njia ya ufundi ilijengwa ikiwa imezibwa mwisho, ukishaingia humo, chuo kikuu hukioni tena, na waliokuwa wanasukumwa kuingia ni watoto wa maskini. Huu ugomvi ni wa zamani. Marekani mwaka 1914 na 1915 mwanafalsafa John Dewey alibishana hadharani na David Snedden, kamishna wa elimu wa Massachusetts. Snedden alitaka elimu ya ufundi itenganishwe na iandae watu kwa mahitaji ya viwanda, Dewey akasema hapana, ukimfundisha mtoto kuhudumia mashine tu bila kumfundisha kuielewa kazi na jamii yake umemfungia maisha yake. Mwaka 1917 ikapita sheria ya Smith-Hughes iliyotoa pesa za serikali kuu kwa elimu ya ufundi, na ikaenda zaidi upande wa kutenganisha, na kwa miaka mingi iliyofuata watoto weusi, wahamiaji na wa familia za chini ndo waliojazwa kwenye madarasa hayo bila kuulizwa wanataka nini.

Kwahiyo ukiambiwa kuna nafasi ya ufundi sekondari, swali la kwanza lisiwe kazi gani. Uliza ukimaliza hapa unaweza kwenda wapi. Uswisi walilijibu hilo miaka ya 1990 kwa kuweka cheti cha ziada kinachosomwa pamoja na uanagenzi au baada yake, na mwenye nacho anaingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi bila kuanza upya. Finland sifa ya ufundi yenyewe inatosha kukuruhusu kuomba elimu ya juu. Pale ambapo jibu ni "huwezi kwenda popote mpaka urudie sekondari", mzazi ana haki ya kusita, na lawama ziende kwa aliyeujenga mfumo, yule mtoto aliyependa umeme hana kosa lolote.

Vingine vya kuuliza ni vya kawaida ila watu wanaona aibu kuuliza. Nani anatoa cheti, shule yenyewe au bodi ya taifa? Saa ngapi za vitendo, na kwa vifaa gani, manake karakana yenye mashine ambazo viwandani hazitumiki tena inamfundisha mtoto kazi ambayo haipo. Waliomaliza wako wapi sasa, shule ambayo haijui waliomaliza wako wapi haijafuatilia. Na kwa aliye chini ya miaka 18, nani anawajibika akiumia kazini, bima ipo au haipo, mashine zipi haruhusiwi kugusa.

Na kama akichagua akaona siyo? Anabadilisha, mifumo mizuri imeshaliwekea utaratibu. Mkataba wa uanagenzi wa Ujerumani una kipindi cha majaribio, hakipungui mwezi 1 na hakizidi miezi 4, na ndani ya kipindi hicho kijana au mwajiri anaweza kuuvunja bila notisi. Kwenye mifumo ya moduli, yaani kozi iliyokatwa vipande vinavyopimwa kimoja kimoja, alichokwishafaulu kinabaki kwenye rekodi yake, akihamia kozi ya jirani, tuseme kutoka umeme wa majumbani kwenda vifaa vya ubaridi, zile moduli za usalama na misingi ya umeme anakuja nazo, anaanzia alipofika. Kabla hajasaini aombe aonyeshwe hicho kipengele kwa maandishi.