Taa ya mbele ya pikipiki kuukuu: kabla hujanunua glopu kubwa

Pikipiki za zamani, kuanzia Honda CG125 hadi zile za Kichina zilizofuata muundo wa injini yake, zina taa ya mbele isiyotosha usiku kwenye barabara ya vumbi. Hilo halina ubishi. Glopu zake nyingi ni za wati 35, na ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kila sekunde. Anayetafuta mwanga zaidi ana haki kabisa. Tatizo ni ushauri anaopewa dukani na kijiweni, ambao mara nyingi humwacha na taa mbovu kuliko ile aliyokuwa nayo.

“Glopu yenye wati nyingi ndiyo inayowaka zaidi.”

Dhana hii ndiyo inayokula pesa za watu. Wati zilizoandikwa kwenye glopu ni umeme inaoudai, wala si mwanga inaokuhakikishia. Pikipiki nyingi za aina hii hazilishi taa ya mbele kwa betri. Umeme hutoka moja kwa moja kwenye koili ya taa iliyo ndani ya magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), na koili hiyo ilisukwa itoshe glopu ya wati 35 pamoja na taa ya nyuma na ya dashibodi, basi. Ukiifungia glopu ya 60/55, yaani wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, volti zinaanguka. Na glopu ya nyuzi haivumilii upungufu wa volti: mwanga wake hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Glopu iliyokusudiwa volti 13.2 ikipata 12, yaani pungufu ya asilimia 9 hivi, hupoteza zaidi ya robo ya mwanga wake. Ndiyo maana mtu anatoka kwa fundi mchana akiwa ameridhika, na usiku anamulika wekundu kama wa kaa la moto.

Hata pale umeme unapotosha, kuna joto. Wati 60 ndani ya taa iliyoundwa kwa wati 35 hulainisha holda ya plastiki na kuunguza sahani ya ndani inayorudisha mwanga. Glopu za H4 (hizo za 60/55) na za HS1 (za wati 35) zinafanana sana kwa umbo, tofauti ya vitako vyao ni ndogo, na wapo mafundi wanaokwangua kitako kidogo ili H4 iingie. Ukiona glopu inahitaji tupa ili ikae, irudishe dukani.

Kujua pikipiki yako iko upande gani ni rahisi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha bonyeza swichi ya taa. Ikibaki kimya mpaka injini iwake, halafu mwanga ukapanda na kushuka unapopiga resi, inalishwa na magneto. Ikiwaka injini ikiwa imezimwa, inalishwa na betri. Usinunue chochote kabla ya kufanya jaribio hili.

“Taa ikififia, betri imechoka.”

Kwa taa inayolishwa na betri, inawezekana. Kwa ile ya magneto, betri mpya haitabadilisha kitu kwenye taa ya mbele, hata ukinunua ya bei gani.

Mimi ningeweka nguvu kwenye nyaya. Pikipiki ya miaka 15 imenyeshewa mara nyingi, na umeme wa taa unapita kwenye viungo vingi kabla ya kufika mbele: soketi zilizoota kutu ya kijani, swichi ya mkono wa kushoto ambayo mguso wake umeungua, na waya wa hasi uliofungwa kwenye fremu juu ya rangi. Kama taa yako ni ya betri, mwambie fundi aweke mita kwenye holda ya glopu taa ikiwa inawaka, kisha alinganishe na volti za kwenye betri. Tofauti ya volti moja nzima kati ya betri na glopu ni mwanga unaoupotezea njiani. Kusugua viungo kwa msasa laini, kubana soketi zilizolegea na kuufunga waya wa hasi kwenye chuma kitupu ni kazi ya saa chache, na gharama yake ni ndogo kuliko ya glopu za majaribio. Kwenye taa ya betri unaweza kuongeza rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye waya mnene na fyuzi iliyo karibu na betri, ili swichi isibebe mzigo wote.

Tazama na hiyo sahani ya ndani. Ikishakuwa ya kijivu au imechubuka, hakuna glopu itakayokuokoa. Na tafadhali usiisugue kwa dawa ya meno: utando wake wa alumini ni mwembamba mno, unatoka na kitambaa. Dawa ya meno inasaidia kioo cha nje cha plastiki kilichopauka. Sahani iliyoharibika hubadilishwa.

Wenye mashine za volti 6, kama CG125 za mwanzo, wana jambo lao. Glopu ya mbele ikiungua usiku, ya nyuma nayo huweza kufuata mara moja. Watu husema ni glopu feki. Kwenye mfumo usio na regulata, yaani kifaa cha kudhibiti volti, ile ya mbele ndiyo iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya umeme wa koili. Ikiondoka, volti zinapanda na kuichoma iliyobaki. Punguza resi upesi, simama, zima.

“Mwanga wa bluu huona mbali.” Rangi ya bluu kwenye glopu ya halojeni ni chujio, nalo huzuia sehemu ya mwanga usitoke. Kwenye mvua na vumbi weupe ule mkali hukurudia machoni.

Kuhusu LED, nisingemkataza mtu. Inatumia wati chache, na kwa koili dhaifu hiyo ni faida kubwa. Ila si kuchomoa na kuchomeka tu. Umeme wa magneto ni wa mawimbi. LED nyingi huupokea kwa kupepesa, kwa hiyo unahitaji kunyooshwa kwanza au ununue LED iliyotengenezwa kuupokea. Jambo la pili ni umbo. Ndani ya glopu ya H4 au HS1 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, ambacho huzuia mwanga usiruke juu. LED ambayo vitaa vyake havikukaa pale ulipokuwa uzi, au haina kizuizi hicho, humwaga mwanga kila upande: miti inang'aa, mashimo huyaoni, na anayekuja mbele yako amepofuka.

Dhana ya mwisho ni ya kuinua taa ili “ifike mbali”. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mwenyewe ukiwa umekaa juu, na mtu aweke alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Mwanga wa dimu ukomee sentimita 5 hadi 10 chini ya alama hiyo. Kama kazi yako ni kubeba abiria, pima abiria akiwa amepanda, maana uzito wa nyuma huinyanyua taa, na ukiwa peke yako itashuka kidogo bila kumwumiza mtu.